Ng'ambo mbili katika orodha moja

"Mwanangu, njoo uitazame hii programu yako. Ng'ambo ziko mbili, na katikati yake pana Ngome Kongwe." Aliyenipigia ni bibi mmoja, karani wa duka la kupokea mizigo hapa Darajani, Unguja.

Nilikwenda, na kweli. Mizigo ya mtaa mmoja imegawanyika mafungu mawili. Nilipoyakuza maandishi ndipo nikaona: ritifaa, ile alama iliyo kati ya g na a, katika Ng'ambo ya juu imesimama wima, ya chini imepinda. Ya wima ilichapwa kwenye kompyuta, iliyopinda ilitoka kwenye simu ya kijana wa mapokezi.

Kompyuta haikusoma alfabeti chuoni wala skuli. Inachojua ni namba. Katika Unicode, mfumo unaoipa kila herufi na alama namba yake, ritifaa ya wima ni 39, herufi o ni 111, ritifaa iliyopinda ni 8217. Programu yangu ilipanga kwa namba hizo, basi Ngome ikabanwa katikati. Ndivyo pia "fuoni" iliyoandikwa kwa herufi ndogo ilivyoangukia chini ya Vuga: V ni 86, f ni 102.

Sasa kila ritifaa hugeuzwa kuwa ya wima kabla ya kuhifadhiwa, na upangaji nimeukabidhi kanuni za CLDR, hazina ya desturi za lugha, ambazo shirika la Unicode huzitunza lugha kwa lugha. Hizo hulinganisha herufi kwanza, kisha alama zilizo juu yake, na ukubwa wa herufi mwisho kabisa.

Lakini lugha ipi? Waswidi huweka Å, Ä na Ö baada ya Z. Kamusi ya Kijerumani huiweka Ö pamoja na O. Kihispania kiliipa CH nafasi yake peke yake hadi 1994. Wapo wanaotaka kila jina lipangwe kwa lugha ya mwenyewe, nami siafiki hata kidogo, kwani orodha ni moja na anayetafuta ni mmoja. Karani wa hoteli ya Nungwi atamtafuta mgeni wa Kiswidi, Åkesson, kwenye A, basi akae kwenye A. Orodha hiyo hiyo ikifunguliwa Stockholm, kwao Uswidi, ashuke mwisho.

Na majina yetu wenyewe? Programu nyingi za kigeni hupanga kwa jina la mwisho. Ali Juma Khamis ni Ali. Juma ni baba yake, Khamis ni babu yake. Ukimweka kwenye K umemwita babu yake aje kuchukua mzigo. Katika duka la Darajani yuko kwenye A.