Uvimbe wa Mbwa Haupimwi kwa Macho

Mtu akiuhisi uvimbe kwenye ngozi ya mbwa wake, hutuuliza mara moja: "Daktari, hii ni saratani?" Ukweli ni kwamba hata daktari wa mifugo mwenye uzoefu hawezi kujua kwa kuutazama na kuubonyeza tu. Mbwa wengi wenye umri mkubwa huota uvimbe wa mafuta, laini, unaoteleza chini ya ngozi, na kwa kawaida hauna madhara. Lakini ipo saratani ya ngozi, ya seli za kinga ziitwazo masti, inayoweza kufanana nao kabisa. Seli hizo hutoa kemikali ya histamini, hivyo uvimbe huweza kufura asubuhi na kunywea jioni. Mwenye mbwa hufurahi akidhani unapona, na miezi inapita.

Kwa hiyo uvimbe wowote wenye ukubwa wa punje ya njegere au zaidi, uliodumu mwezi mzima, upelekwe kupimwa. Daktari huingiza sindano nyembamba, huvuta seli chache na kuziangalia kwa hadubini. Ni kazi ya dakika chache, na mara nyingi haihitaji dawa ya usingizi.

Mpapase mbwa wako kila mwezi. Anzia chini ya taya, pita mbele ya mabega, makwapani, kwenye kinena, umalizie nyuma ya magoti, kwani hapo ndipo zilipo tezi za limfu, vinundu vya kinga ya mwili. Saratani ya tezi za limfu, ambayo ni miongoni mwa zinazowapata mbwa zaidi, huvimbisha tezi hizo bila maumivu huku mnyama akiendelea kula na kucheza. Ndiyo maana huchelewa kugunduliwa.

Kwa jike, papasa kila chuchu. Takriban nusu ya uvimbe wa matiti ya mbwa ni saratani, na kumfunga kizazi kwa kumtoa ovari kabla ya joto lake la kwanza, yaani kipindi cha kwanza cha kutaka dume, hupunguza hatari hiyo kwa kiasi kikubwa. Umri unaofaa hutegemea pia ukubwa wa mbwa, basi zungumza na daktari mapema.

Mbwa mkubwa wa mwili akichechemea bila kupata nafuu, usidhani ameteguka tu. Huenda ni saratani ya mfupa, na picha ya eksirei itaonyesha. Tafadhali usimpe dawa za maumivu za binadamu kama ibuprofeni, maana huharibu tumbo na figo zake. Akianguka ghafla na fizi zikapauka, mkimbize kliniki saa hiyo hiyo. Uvimbe wa bandama huweza kupasuka na kumwaga damu ndani.

Iko pia saratani inayoambukizwa kutoka mbwa hadi mbwa kwa kupandana, kulambana au kunusana, kwa sababu seli zake zenyewe huhama na kuota kwa mwenzake. Huonekana kama nyama inayovuja damu sehemu za siri, na kwa jike watu huidhani ni joto. Haimwambukizi binadamu, na mbwa wengi hupona kwa sindano za kila wiki za vinkristini, dawa ya saratani.

Wengi huogopa tiba ya dawa za saratani kwa kukumbuka mateso ya mgonjwa waliyemuuguza. Kwa mbwa dozi huwa ndogo zaidi, kwani lengo kuu ni aishi vizuri, na wengi hawanyonyoki manyoya.

Unapokuja, andika tarehe uliyouona uvimbe, upime kwa rula, na upige picha.