Krediti za Chuo Kabla ya Kumaliza Sekondari: Vyuo Vikuu vya Ushindani Vinazitazamaje

Mzazi aliyesoma Kenya, Tanzania au Kongo anaijua njia moja ya kuingia chuo kikuu: unamaliza sekondari, unafanya mtihani wa taifa, matokeo yanaamua. Marekani mambo ni tofauti. Mwanao wa darasa la 11 anaweza kusoma hesabu za mwaka wa kwanza katika chuo cha jamii (community college, chuo cha umma cha miaka miwili) asubuhi, mchana akarudi shuleni kwake, na somo hilo likahesabiwa pande zote mbili. Washington mpango huo unaitwa Running Start, Minnesota ni PSEO, Ohio ni College Credit Plus, na Texas utasikia dual credit. Mara nyingi familia hailipi ada, au inalipa kidogo. Ni nafasi nzuri, na sisi washauri wa udahili tunawahimiza vijana waitumie.

Tatizo huanza familia inapoambiwa kwamba mtoto atamaliza sekondari akiwa na miaka miwili ya chuo mkononi, ikapanga bajeti kwa kutegemea maneno hayo. Akienda chuo kikuu cha umma katika jimbo lake, mara nyingi maneno hayo yana ukweli mkubwa. Texas ina mtaala wa msingi wa krediti 42 (krediti ni vipimo vya masomo vinavyojumlishwa hadi kufikia shahada), na vyuo vya umma vya jimbo hilo hutakiwa kuutambua mwanafunzi anapokuja nao. Lakini kijana huyo huyo akikubaliwa Princeton au Yale, krediti zake hazitampunguzia safari ya shahada, kwa sababu vyuo hivyo havihesabu masomo ya chuo yaliyosomwa kabla ya kumaliza sekondari. Vyuo vingine binafsi huzikubali kwa masharti: somo liwe lilifundishwa na mwalimu wa chuo, pamoja na wanafunzi wa chuo, na lisiwe limetumika kutimiza mahitaji ya cheti cha sekondari. Sharti hili la mwisho huwakwaza wengi, maana mpango wenyewe umejengwa ili somo moja lihesabiwe mara mbili.

Hata krediti ikipokelewa, uliza itakaa wapi. Chuo kinaweza kuandika krediti 4 za fizikia kwenye rekodi ya mwanafunzi, kisha idara ya uhandisi ikasema fizikia hiyo haikutumia kalkulasi (calculus), kwa hiyo arudie. Krediti zipo, ila kama somo la hiari tu, na shahada haijafupika. Kwa kijana anayetaka uhandisi au sayansi, hili ndilo jambo la kuulizia kabla ya yote.

Sasa kwa nini nasema achukue masomo hayo hata kama analenga chuo kisichotoa krediti? Kwa sababu wanaosoma maombi wanatafuta ushahidi kwamba mwombaji anaweza kubeba kazi ya chuo. Alama A ya kalkulasi au ya kemia yenye maabara inawaambia mengi, hasa kama shule yake haina masomo mengi ya juu. Chuo Kikuu cha California hata kinaliongezea uzito somo la chuo linalohamishika kinapokokotoa GPA (wastani wa alama) ya mwombaji: A yake inahesabiwa 5 badala ya 4. Kwa hiyo chaguo la somo ni la msingi kuliko wingi wa krediti. Masomo mawili magumu yaliyofanywa vizuri yana faida kuliko manane mepesi yaliyokusanywa haraka.

Na alama hizo hazifutiki. Zinaingia kwenye transkripti ya chuo, ambayo ni rekodi ya kudumu. Wazazi wanaoota kumwona mtoto daktari wajue kwamba AMCAS, mfumo wa maombi unaotumiwa na vyuo vingi vya udaktari, hutaka transkripti ya kila chuo alichosoma mwombaji, yakiwemo masomo ya chuo aliyoyafanya akiwa sekondari. D aliyoipata akiwa na miaka 16 itaonekana. Mzazi pia asishangae chuo kikikataa kumweleza maendeleo ya mwanawe. Sheria ya faragha ya FERPA humpa mwanafunzi wa chuo haki juu ya rekodi zake za chuo hata kabla ya kufikisha miaka 18. Mwombe mwanao akuonyeshe mwenyewe, wiki za mwanzo, wakati bado anaweza kujiondoa katika somo bila alama.

Krediti alizopata kabla ya kumaliza sekondari kwa kawaida hazimfanyi awe mwombaji wa uhamisho, yaani anayehama kutoka chuo kingine. Anaomba kama mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Hali inaweza kubadilika akishamaliza sekondari kisha akajiandikisha chuo muhula wa kawaida, na hapo misaada ya wanaoanza inaweza kumpita.

Kabla ya kujisajili, mwanafunzi awaandikie barua pepe wasajili wa vyuo anavyovitamani, ataje jina na namba ya somo, na ahifadhi majibu. Atunze silabasi, kazi alizoandika na ripoti za maabara. Hata pale ambapo krediti imekataliwa, idara nyingi huwa na mtihani wa kumpanga mwanafunzi, na anayeimudu kalkulasi anaweza kuanzia somo la juu zaidi. Makaratasi hayo apeleke kwa mshauri wa idara kabla ratiba ya muhula wa kwanza haijafungwa.