Baada ya kunyonywa mafuta: kuitunza dreni na kujua lini urudi hospitali

Mtu aliyenyonywa mafuta ya tumbo na papo hapo kukatwa ngozi iliyolegea mara nyingi hurudi nyumbani akiwa na mrija mwilini. Wodini tunauita dreni. Unaanzia chini ya ngozi, unatokea kwenye tundu dogo jirani na kidonda, na unaishia kwenye kichupa laini cha plastiki kinachoenea kiganjani. Wagonjwa wengi huiogopa dreni kuliko kidonda chenyewe, na wapo wanaoomba itolewe siku ya pili ili wavae nguo zao. Nawasihi wasiwe na haraka hiyo.

Mafuta yakishatoka, ngozi na msuli huachana, na nafasi iliyopo kati yake hujaa damu na majimaji ya mwili. Dreni huyavuta nje ili tabaka hizo zishikane tena. Yakikosa njia hujikusanya na kuwa seroma: ukibonyeza, unahisi maji yakihama chini ya ngozi. Seroma ndogo mwili huimaliza wenyewe. Kubwa huvutwa na daktari kwa sindano, pengine zaidi ya mara moja, na si kazi ya kufanyiwa duka la dawa.

Aliyenyonywa mafuta tu, bila kukatwa ngozi, kwa kawaida hawekewi dreni. Yeye huvuja kupitia vitundu alivyoingiziwa bomba la kunyonyea, na huvuja kwa wingi unaotisha. Sababu ni mbinu aliyoichapisha daktari Jeffrey Klein wa California mwaka 1987, ambayo leo inatumika duniani kote. Kabla ya kunyonya, mafuta hujazwa maji ya chumvi yenye dawa ya ganzi, lidokeini, pamoja na adrenalini ya kubana mishipa ya damu. Mbinu hii imepunguza sana umwagaji damu. Lakini maji mengine hubaki mwilini, na kwa saa 24 hadi 48 hutoka yakiwa na rangi ya waridi. Tandika mpira juu ya godoro na usihangaike.

Cha kuangalia usiku huo ni lidokeini. Huingia kwenye damu taratibu, na huweza kufika kilele saa 12 au zaidi baada ya upasuaji, mgonjwa akiwa kitandani kwake. Midomo ikifa ganzi, masikio yakivuma, mdomo ukiwa na ladha ya chuma au mtu akianza kuchanganyikiwa, apelekwe hospitali usiku huohuo.

Turudi kwenye dreni. Kichupa hufanya kazi kikiwa kimebonyea, kwa sababu kinapojaribu kutanuka ndipo kinapovuta. Nawa mikono kwa sabuni, fungua kizibo, mimina yaliyomo kwenye kikombe chenye vipimo, kisha kibinye kichupa mpaka hewa iishe na ufunge kizibo kabla hujakiachia. Kikitanuka hapohapo, kuna mahali hewa inaingia. Rudi kwa muuguzi. Kibane kwa kikwasi kwenye nguo, chini ya usawa wa kidonda, wala usikiache kining'inie.

Kila ukikimwaga, andika saa, kiasi na rangi, na kama una dreni mbili, kila moja iwe na safu yake. Daftari hilo ndilo daktari atakaloamulia. Wapasuaji wengi hutoa dreni inapokuwa imetoa chini ya mililita 30 kwa saa 24, siku mbili mfululizo, ingawa kila mmoja ana kiwango chake. Mgonjwa anayekuja na jibu la “yanatoka kidogo tu” anatulazimisha kubahatisha.

Rangi huanza nyekundu, ikapauka kuwa waridi, halafu ikawa manjano hafifu. Ikirudi kuwa damu mbichi, au kichupa kikijaa ndani ya saa moja au mbili, ni dharura. Vilevile usifurahie dreni iliyokauka ghafla huku pembeni panavimba: bonge la damu limeziba. Shikilia mrija karibu na ngozi kwa mkono mmoja, na kwa vidole vya mkono wa pili ukamue kuelekea kwenye kichupa. Usiuingizie maji kwa bomba la sindano, na usiuvute. Usaha, harufu mbaya au homa ya nyuzi 38 na kupanda vinahitaji daktari siku hiyohiyo.

Hapa kwetu kuna jambo linalonipa wasiwasi zaidi. Pwani tumezoea kumkanda mzazi kwa maji ya moto na kumfunga tumbo kwa kanga, na mama au shangazi akiona tumbo limevimba, mkono wake huenda huko kwa upendo. Baada ya kunyonywa mafuta, ngozi hupoteza hisia kwa wiki kadhaa, wakati mwingine miezi. Mtu anaungua asijue. Kanga nayo hubana kwa mikunjo, na ngozi iliyopungukiwa damu inaweza kufa pale mkunjo ulipokaa. Vazi maalumu la kubana, linalovaliwa kwa wiki 4 hadi 6 hivi, hukandamiza sawasawa. Siku ya kulivua kwa mara ya kwanza ili uoge, kaa kwenye kiti na uwe na mtu, kwa kuwa wengi hushikwa na kizunguzungu. Baharini usiingie mpaka vitundu vyote vifunge.

Uwe na mtu: hilo ndilo linalokosekana. Upasuaji huu hufanywa kwa siri, hata mume au dada hajui, na aliyelala chumba cha pili anadhani ni malaria. Ndani ya siku tatu za mwanzo mafuta yanaweza kuingia kwenye mishipa ya damu na kuziba mapafu. Mgonjwa huhema kwa shida, huchanganyikiwa, pengine hutokwa na vidoa vyekundu kifuani na kwapani. Aliyechanganyikiwa hawezi kujiitia gari. Mweleze japo mtu mmoja, kisha mwoneshe daftari la dreni.

Bonge la damu mguuni nalo huua. Inuka utembee jioni ileile. Waliofanyiwa Istanbul au India wamuulize mpasuaji lini wataruhusiwa kupanda ndege, wala wasikate tiketi ya kesho yake. Shavu la mguu mmoja likivimba na kuuma, au pumzi ikikatika ghafla, nenda moja kwa moja idara ya dharura.

Tumbo litabaki limevimba. Umbo halisi huonekana kati ya miezi 3 na 6, hivyo usijipime kwa kioo cha wiki ya pili. Lakini vikitokea vinundu vigumu wiki au miezi baadaye, vikapasuka na kukataa kupona kwa antibiotiki za kawaida, fikiria bakteria wa jamii moja na wale wa kifua kikuu, wanaoishi hata kwenye maji ya bomba na kuingia kupitia vifaa visivyosafishwa vizuri. Wamarekani waliopasuliwa Jamhuri ya Dominika mwaka 2003 na 2004 waliugua hivyo. Mwambie daktari ulinyonywa mafuta, wapi na lini, ili usaha upelekwe maabara kwa kipimo maalumu cha kuotesha bakteria hao. Kipimo cha kawaida huweza kuwakosa, na tiba yake ni dawa zaidi ya moja kwa miezi kadhaa.