Je, wajua sinema ya India ilichangiwa mtaji na mmea wa njegere?

Dhundiraj Govind Phalke, maarufu kama Dadasaheb, hutajwa mara nyingi kuwa Mhindi wa kwanza kupiga filamu. Hakuwa yeye. Sinema ilionyeshwa Bombay tarehe 7 Julai 1896, katika Hoteli ya Watson, na kufikia 1899 mpiga picha wa mjini humo, H. S. Bhatavdekar, alishanasa pambano la mieleka kwa kamera aliyoagiza Ulaya. Hata filamu ya hadithi ilimtangulia: Shree Pundalik ilionyeshwa Mei 1912 katika ukumbi wa Coronation, ukumbi uleule ambako Raja Harishchandra ya Phalke ilianza kuonyeshwa kwa umma tarehe 3 Mei 1913. Ila Pundalik ilikuwa mchezo wa jukwaani uliopigwa picha kama ulivyo, aliyeshika kamera alikuwa Mwingereza, na ukanda ulipelekwa London kusafishwa. Wanaompa Phalke heshima ya mwanzilishi wanaangalia hapo, na nadhani wana hoja.

Wengine humfanya fukara aliyebahatika. Ufukara aliujua kweli, lakini baba yake alikuwa msomi wa Kisanskriti huko Trimbak, naye Phalke, aliyezaliwa 1870, alipitia chuo cha sanaa cha J.J., akafanya kazi ya upigaji picha, uchapaji na hata mazingaombwe. Karibu na mwaka 1911 alitazama filamu ya maisha ya Yesu, akajiuliza kwa nini miungu ya Kihindu nayo isionekane kwenye pazia. Akaweka rehani bima yake ya maisha na mwaka 1912 akaenda London kununua kamera ya Williamson.

Aliporudi, kamera ipo, fedha hakuna. Ndipo njegere zikaingia kazini.

Alipanda mbegu kwenye chungu, akaielekezea kamera. Kwa kawaida mpiga filamu wa enzi hizo alizungusha mkono wa kamera mfululizo, akapata picha kama 16 kwa sekunde. Phalke alinasa picha moja, akaacha mmea ukue, akanasa nyingine. Ni kama mtu anayemtembelea mjomba wake kila mwaka: yeye humwona mtoto wa pale karefuka ghafla, ilhali wenye nyumba hawajaona chochote. Kamera ilikuwa huyo mgeni. Picha zilizopigwa kwa kuachana zilipopitishwa kwa kasi ya kawaida, siku nyingi zikabanwa kwenye muda mfupi. Mbegu ikapasuka na mche ukapanda juu mbele ya macho ya mkopeshaji, naye akakubali kutoa fedha. Dhamana ya ajabu, lakini ilimwonyesha mwenye pesa kwamba kamera inafanya kazi na mwenye kamera anaijua.

Vito vya mkewe, Saraswatibai, navyo viliingia kwenye mtaji. Mama huyo alitoboa matundu ya ukanda gizani, akasafisha filamu, na bado akawapikia wafanyakazi wote.

Kilichobaki kumshinda Phalke ni kupata mwanamke wa kuigiza malkia katika Raja Harishchandra, kwani kazi hiyo ilihesabiwa aibu. Akamchukua Anna Salunke, mwanamume, mpishi wa hotelini. Salunke aliifaa kazi hasa: mwaka 1917, katika Lanka Dahan, aliigiza Rama ambaye ndiye steringi, na Sita, mke wa steringi huyohuyo.