"Akiba haiozi" na maneno mengine yanayojaza stoo

Viatu vyangu vya sendofu nilivivaa siku moja tu. Nikavifuta, nikavirudisha kwenye boksi lake, boksi nikalisukumia stoo nyuma ya feni mbovu. Miaka sita baadaye wifi yangu anaolewa, sare ya shughuli inaendana navyo kabisa, nikajisifu moyoni kwamba mimi mtu wa kutunza. Kufika ukumbini, keki haijakatwa, nikainua mguu wa kulia na soli ikabaki sakafuni. Ya kushoto ikawa inamomonyoka kama biskuti iliyolowa chai, kila hatua naacha makombo meusi. Zawadi nilikwenda kutoa peku, huku nacheza.

Tangu siku hiyo kila nikisikia mtu anasema akiba haiozi, naangalia miguu yake.

"Kitu kisichotumika hakiharibiki"

Kinaharibika, tena kuna vitu vinavyoharibika upesi zaidi kwa kutotumika. Soli nyingi laini na nyepesi zinatengenezwa kwa poliyurethani, aina ya plastiki, na adui wa poliyurethani ni unyevu wa hewani, ambao huimeng'enya polepole. Joto likiongezeka, kazi inakwenda mbio. Sasa chukua stoo isiyo na dirisha, hapa Dar es Salaam, chini ya bati, mwezi wa nne masika imekolea, halafu ndani yake weka kiatu kwenye boksi lililofunikwa. Kiatu kinachovaliwa kila wiki mbili kinapata hewa. Kile cha akiba kinapikwa.

Mpira wa mfuniko wa presha kuka unakauka na kupasuka. Betri zilizosahaulika ndani ya tochi zinavuja na kula vyuma vyake. Simu ya zamani inavimba betri hadi mfuniko wa nyuma unaachia, na betri iliyovimba hivyo usiichokonoe wala kuitoboa, inaweza kulipuka moto.

Ila kinachoniuma zaidi ni saruji. Wengi wetu tunajenga kidogo kidogo, mwezi huu mifuko mitano, mwezi ujao mitatu, inalala stoo ikisubiri fundi na hela ya mchanga. Saruji hainywi maji ya bomba pekee, inanywa hata unyevu wa hewani. Mahesabu yanayotumika sana kwenye ujenzi ni kwamba mfuko ukikaa miezi 3 nguvu yake hupungua kwa kama asilimia 20, na miezi 6 kama asilimia 30. Fungua mfuko, chukua bonge: likisagika kwa vidole, bado kuna uhai. Likihitaji nyundo, usiende kulimwagia lenta. Na isilale sakafuni wala isiegemee ukuta. Tofali mbili mbili na mbao juu yake zinatosha kuiinua.

"Boksi la dukani ni hifadhi nzuri, tena la bure"

La bure kweli, na linakuja na wapangaji. Mende wakubwa wekundu hubandika vibumba vya mayai mahali penye giza na mikunjo, na kibumba kimoja, kidogo kama punje ya haragwe la kahawia, kina mayai kama 15. Boksi la sabuni ulilopewa na Mangi lina mikunjo mingi kuliko sketi ya shule. Ukiliingiza ndani bila kulikung'uta nje na kulikagua kwenye pembe, umeleta ukoo mzima.

Mchwa yeye hana hata haja ya mikunjo. Boksi ni mti uliosagwa, kwake ni chakula. Anatokea chini, kwenye ufa wa sakafu, anakula kutoka kitako kwenda juu, na wewe kwa nje unaona boksi zima kabisa. Siku unaloinua ndipo unabaki na mfuniko mkononi. Vyeti, hati na picha za marehemu visikae kwenye boksi lililo sakafuni hata kwa wiki moja ya kuhama nyumba.

"Tupia naftalini, wadudu wote watakimbia"

Hapa naomba tukae kidogo. Vile vidonge vyeupe mfano wa pipi za mnanaa tunavitupia kila mahali: kabatini, stoo, chooni, kwenye begi la nguo za mtoto. Kazi yake ni nondo (mdudu, si ile ya zege), si mende wala panya. Na hata kwa nondo inafanya kazi ndani ya sanduku lililofungwa vizuri, ambamo mvuke wake unajikusanya. Ukiisikia harufu chumbani, mvuke huo unauvuta wewe.

Tena nondo mwenyewe hali nguo. Anayekula ni kiwavi wake, na anachotafuta ni sufu, hariri na manyoya. Kanga ya pamba iliyofuliwa ikakauka haimshughulishi. Suti ya sufu ya babu, hapo sawa. Kwa hiyo kabati zima la kanga na vitenge tunalinyunyizia sumu kwa ajili ya mdudu ambaye hata hakualikwa.

Hatari kubwa ni kwa mtoto mchanga. Kuna watu wanaozaliwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, na hali hiyo hupatikana zaidi katika nchi zenye malaria kama zetu. Mtu mwenye upungufu huo akivuta au akigusana na naftalini, chembe nyekundu za damu yake zinaweza kupasuka. Kwa kichanga matokeo yake ni upungufu wa damu na manjano kali, na manjano kali yanaweza kumdhuru ubongo. Sasa fikiria desturi yetu: nguo za mtoto wa kwanza zinakunjwa, zinatiwa naftalini, miaka mitatu baadaye anazaliwa mdogo wake na shawli inatoka sandukuni moja kwa moja kumfunika uso. Nguo za mtoto usizitie kabisa. Za zamani zilizokwisha kutiwa, fua na uzianike hewani siku kadhaa hadi harufu iishe kabisa, kisha ndiyo zimfikie mtoto.

Kinachosaidia ni kitu cha kawaida mno: fua, anika hadi ikauke kweli, halafu iache ipoe kivulini kabla ya kukunja. Nguo ikiingia kwenye mfuko wa plastiki na joto la jua, inatoa jasho humo ndani na kutoka na madoa ya ukungu. Bibi zetu wa pwani walifukiza makasha udi. Harufu tamu, siipingi, ila nondo aliyekufa kwa udi bado sijamwona.

"Nikinunua makontena, stoo itajipanga"

Nilikwenda Kariakoo, nikarudi na makontena kumi na moja yenye mifuniko. Manne hadi leo ni matupu na yamechukua rafu nzima. Kosa langu lilikuwa kununua vyombo kabla ya kujua nina nini na rafu ina upana gani. Toa kwanza, punguza, pima kwa futi kamba, ndipo uende dukani, na huenda usiende. Ndoo ya rangi ya lita 20 iliyosafishwa inafanya kazi ileile. Vya kila siku viwe kati ya kiuno na macho, vizito chini, vyepesi juu. Andika kwa maka pen kilichomo, na tafadhali usiandike "vitu mbalimbali".

"Ambacho hujakigusa mwaka mzima, tupa"

Hii imekuja na video za simu. Haifai kwetu hivihivi. Sufuria la pilau la kilo ishirini, majamvi ya msiba, mwiko mrefu kama kasia: mwaka unaweza kupita salama bila kuviona, na heri iwe hivyo. Siku vikihitajika, vinahitajika saa hiyohiyo, usiku. Swali linalofaa ni ukoo una masufuria mangapi ya namna hiyo. Kwetu yalikuwa matatu, kwenye nyumba tatu za mtaa mmoja. Tulikaa, tukaamua moja libaki kwa shangazi mwenye stoo pana, na mengine mawili yakaenda msikitini.

Risiti nazo watu huzilundika kwa miaka wakidhani ziko salama. Zile za mashine ya EFD, ile ya dukani inayotoa risiti za kodi, zimechapwa kwa joto, na joto hilohilo la stoo linazifuta. Ya jokofu letu niliikuta karatasi nyeupe pe, hata jina la duka halipo. Ipige picha au itoe kopi siku ileile unayonunua, hasa kama unafanya biashara, maana kumbukumbu za kodi hutakiwa kutunzwa miaka 5.

Na chupa za mafuta ya taa au petroli ya jenereta. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unatambaa sakafuni hadi kwenye jiko, kwa hiyo isikae ndani. Mafuta ya taa yasiwekwe kwenye chupa ya maji au soda hata kwa dakika moja. Mtoto akiyanywa msimtapishe na msimpe maziwa, maana akitapika yanaingia mapafuni. Kimbieni hospitali.

Tumebakiwa na TV ya chogo ya mume wangu. Mitambo ya analojia Dar es Salaam ilizimwa tarehe 31 Desemba 2012, na yeye hakununua king'amuzi cha kuifungia, alinunua TV bapa. Ya chogo ikaingia stoo "itapata mteja". Mwezi uliopita alikubali tumwite fundi. Nikamwonya fundi asipasue kioo chake, kina madini ya risasi ndani yake, akanijibu hana mpango nacho. Akachukua spika na nyaya za shaba, akatupa elfu tano. Kioo na ganda akatuachia. Viko stoo.