Kuweka AC nyuzi 16 hakupozi chumba haraka

Kila msimu wa joto ukianza naitwa kwenye nyumba ambazo "AC haishiki", na nikiinua rimoti nakuta namba ileile: 16. Mwenye nyumba ananieleza kwamba ameiweka hapo ili chumba kipoe upesi. Nimechoka kulisikia hili, maana katika makosa yote ninayoyakuta majumbani, ndilo linalomaliza umeme kuliko mengine.

Namba ya kwenye rimoti inaiambia kompresa, yaani pampu inayosukuma gesi ya kupozea, isimame lini, basi. Kwenye kiyoyozi cha kawaida, kompresa ina hali mbili tu: inazunguka kwa nguvu zake zote au imezima. Chumba kikiwa na nyuzi 32, uagize 24 au uagize 16, hewa inayotoka ina ubaridi uleule, na muda wa kushuka hadi 24 ni uleule. Tofauti inaanza mkishafika hapo. Aliyeweka 24, kompresa yake inapumzika. Aliyeweka 16, yake inaendelea kunguruma, na siku za joto kali huenda isiifikie kabisa 16, kwa hiyo inazunguka usiku kucha huku yeye amejifunika blanketi. Mashine za inveta hupunguza mwendo kadiri chumba kinavyokaribia namba uliyoagiza, na hapo ndipo zinapookoa umeme. Ukiibana kwenye 16 unainyima nafasi hiyo, na pesa ya ziada uliyoinunulia inaenda bure.

Kuna jambo jingine ambalo watu hawalihesabu. Joto hupenya kuta na dari kulingana na tofauti iliyopo kati ya nje na ndani. Nje pakiwa na nyuzi 34, chumba cha nyuzi 24 kina tofauti ya 10. Ukikishusha hadi 18, tofauti inakuwa 16. Joto linalopenya limeongezeka kwa asilimia 60, na lote itabidi lisukumwe nje kwa umeme unaoulipia wewe.

Unataka kipoe haraka? Fungua madirisha dakika chache hewa iliyochemka itoke, yafunge, weka 25, kisha pandisha kasi ya feni ya mashine yenyewe. Na osha filta! Iliyojaa vumbi huziba njia ya hewa, kompresa ikafanya kazi muda mrefu kwa ubaridi mdogo. Ni kazi ya maji na dakika tano, haihitaji fundi, na bado naitwa kwa sababu yake.

Wanaosema ni nafuu kuiacha AC ikiwaka kutwa kuliko kuizima ukitoka, hesabu ni hiyohiyo: saa zote ambazo nyumba ina baridi na haina mtu, joto linaendelea kuingia na mashine inaendelea kulitoa. Zima.

Feni ya dari au ya kusimama haipozi chumba. Inakausha jasho mwilini, na mota yake inaongeza joto kidogo. Kuiacha ikizunguka kwenye chumba kitupu ni hasara tupu. Lakini mkiwa ndani, washeni feni pamoja na AC, muipandishe AC hadi 26 au 27. Mtajisikia vilevile kwa umeme mdogo zaidi.

AC kubwa kupita kiasi si bora. Inashusha joto upesi na kuzima kabla haijakausha unyevu, mkabaki na chumba cha baridi chenye hewa nzito.

Pazia la ndani husaidia kiasi, ila jua likishavuka kioo, joto lake limeshaingia. Likingeni nje, kwa kibaraza, mti au turubai, hasa upande wa magharibi ambako jua la alasiri hupiga dirisha moja kwa moja.

Halafu gesi. Gesi ya AC haitumiki ikaisha kama ya jiko. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa. Ikipungua, pana mahali panavuja. Fundi akitaka kukuongezea gesi kila mwaka, mwambie akuonyeshe kwanza panapovuja, apazibe, ndipo afungue mtungi wake.