Benki za Kiislamu na Benki Kuu

Wengi bado wanaamini kwamba benki ya Kiislamu, yaani benki isiyotoza riba, ni ya Waislamu peke yao, tena haiguswi na Benki Kuu. Si kweli. Kenya, Tanzania na Uganda zote, leseni hutoka Benki Kuu, na mteja wa dini yoyote hufungua akaunti.

Tofauti kati ya nchi hizi iko kwenye sheria. Chukua murabaha, yaani kuuziana badala ya kukopeshana kwa riba: unataka pikipiki, benki inainunua, inakuwa mali yake, kisha inakuuzia kwa bei yenye faida inayojulikana, ulipe kidogo kidogo. Hapo ndipo penye ugumu, kwa kuwa sheria za kawaida za benki huikataza benki kufanya biashara ya bidhaa.

Kenya ililegeza masharti ndani ya sheria iliyokuwepo, na Gulf African Bank ikaanza kazi 2008. Tanzania ilipata Amana Bank 2011. Uganda ilibadili sheria kwanza, 2016, na kuitaka kila taasisi ya aina hii iwe na bodi ya ushauri wa Sharia, yaani sheria ya dini ya Kiislamu. Leseni ya kwanza ikaja 2023, kwa Salaam Bank. Miaka saba! Lakini kwa maoni yangu, sheria iliyoandikwa waziwazi humlinda mteja zaidi.